Eliamini Saruni, Aliyemtembeza Maksai kwa Karatasi

Tunayemlaza leo katika udongo wa Moshono ni Eliamini, mwana wa Saruni na Nkasiogi. Kabla ya ubatizo aliitwa Lerionka, na wazee wengi waliosimama hapa wataendelea kumwita hivyo. Mwenyewe aliitikia majina yote mawili. Haya ni maisha yake kwa kifupi, kama ndugu zake tulivyoyakusanya na kuyahakiki kwa mama yake mzazi na kwa mjane wake.

Siku ya kuzaliwa kwake haikuandikwa. Mama yake anakumbuka kuwa ilikuwa katikati ya masika, nyumba ikivuja upande wa kitanda, na kwamba mtoto huyo alikuwa ameanza kuchunga ndama wakati sotoka ilipoingia ikamaliza ng'ombe wa nchi nzima. Kwa hesabu hiyo tumeandika mwaka 1884. Alikuwa wa tatu kuzaliwa, na katika watoto wa kiume wa Saruni ndiye peke yake aliyefikia utu uzima.

Sotoka ilimwachia Saruni mtamba mmoja, na kwa mtamba huyo alianza upya. Uzao wake mmojawapo ulikuwa maksai aliyeitwa Sambu kwa ajili ya rangi zake zilizochanganyika: mwekundu mwenye madoa, baka jeupe begani upande wa kulia, na sikio la kulia limekatwa ncha kwa alama ya ukoo wa Saruni. Lerionka alimchunga tangu ndama. Katika vurugu za mwaka 1900 watu wenye bunduki walipita mtaani wakaswaga ng'ombe wote kuelekea mjini. Saruni alisimama langoni akamwona Sambu akitelemka upande wa kulia hadi Mto Themi, akavuka, akapotea machoni. Zizi hilo halijajaa tena hadi leo.

Marehemu aliingia shule ya misheni mwaka 1905, akiwa mkubwa kuliko wenzake wote darasani. Alijifunza kusoma, kuandika, hesabu na nyimbo. Mwalimu wake alimkaripia mara nyingi kwa sababu ubao wake wa kuandikia ulikuwa na herufi upande mmoja na ng'ombe upande wa pili. Alibatizwa tarehe 25 Desemba 1908, akachagua jina la Eliamini. Mwaka uliofuata alimaliza shule.

Mwaka 1909 alianza kazi katika shamba la Bwana Kessel, mlowezi aliyelima kahawa upande wa mashariki ya mji. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vilivyovunjika: mikokoteni, viti, bawaba za milango. Siku moja mwaka 1910 aliletewa kichezeo cha mtoto wa Bwana Kessel kilichokuwa kimepondeka. Kilikuwa mfano wa kopo lisilo na kifuniko, ubavuni lina nyufa nyembamba zilizopangwa sawasawa, na ndani yake umezungushwa mkanda wa karatasi wenye farasi waliochorwa mmoja mmoja, kila mmoja amebadilika kidogo tu kuliko wa nyuma yake. Eliamini alilinyoosha bati, akalirudisha kwenye mhimili wake, akalisukuma ili aone kama linazunguka. Alipochungulia kwenye nyufa akamwona farasi mmoja tu, anaruka kiunzi. Tabea anasema kuwa jioni ile alikula bila kujua anakula nini.

Huyo Tabea alikuwa mchumba wake wakati huo. Ni Mmeru wa Kimandolu, na walifunga ndoa tarehe 18 Juni 1910. Mungu aliwapa watoto wawili, Elinaza na Anyesi. Walijenga hapa Moshono, ndani ya boma la Saruni, na hapo ndipo marehemu alipotengeneza kopo lake mwenyewe. Alitumia kopo la biskuti lililotupwa shambani, akalipasua nyufa kwa patasi, akalisimamisha juu ya msumari. Wino aliutengeneza kwa masizi na utomvu wa mgomba, ambao ukishaingia kwenye kitu hautoki. Kalamu ilikuwa unyoya wa kuku. Alichora maksai anayetembea, na hakuhitaji kuambiwa ni maksai yupi.

Jumamosi moja ya mwaka 1911 aliliweka kopo juu ya kigoda mbele ya nyumba ya baba yake, na wazee wakasukumana kulichungulia. Mzee Simel, jirani yetu, ambaye yuko nasi hapa, alichungulia kwa muda mrefu kuliko wote.

"Maksai huyu anaumwa kwato," akasema.

"Haumwi, mzee," Eliamini akajibu. "Ni karatasi."

"Basi karatasi inaumwa kwato. Mguu wa mbele na wa nyuma unanyanyuka pamoja. Ng'ombe gani anatembea kama meza inayobebwa?"

Wazee wakacheka. Saruni akasogea, akachungulia, akamwambia mwanawe kwa upole, "Ulimchunga miaka yote ukiwa nyuma yake. Unayajua matako tu. Kakae pembeni."

Eliamini alikaa pembeni. Kila alipotoka shambani mapema alikwenda mahali ng'ombe wa Simel wanaponyweshwa, akajikunyata kando ya njia, akatazama miguu. Aliona kuwa wa nyuma ndio unaoanza, na kwamba unakanyaga palepale wa mbele ulipotoka, kama mtu anayemfukuza mwenzake kwenye kiti. Akachora mkanda mpya. Safari hii Simel hakuona ugonjwa wowote.

Saruni naye akachungulia. Alikuwa amekwisha kuanza kuugua kifua, na kila alipoinama alikohoa, lakini hakuacha kulisukuma kopo. Mwishowe akasema, "Ni yeye. Sikio lile." Kisha akauliza, "Mbona anaelekea kulia? Huko ndiko alikopelekwa."

Eliamini akalizungusha kopo upande wa pili. Maksai akarudi kinyumenyume, mkia mbele.

"Hapana," Saruni akasema. "Hivyo ni kama anamwogopa mtu. Na tena, nimekaa hapa tangu mchana, naye anatembea tu. Mbona hafiki?"

"Mkanda ni mfupi, Baba. Ukiisha unaanza tena."

"Basi tafuta mrefu. Mlete nyumbani. Nimwone akiingia langoni."

Tangu siku ile hadi kufa kwake, Eliamini hakuwa na kazi nyingine ya moyo wake ila hiyo. Baba yake alikuwa anaisha, na alitaka amwonyeshe maksai huyo akiingia zizini kabla hajafumba macho.

Kopo halikuweza kubeba safari ndefu namna hiyo. Marehemu aligundua kuwa karatasi zikishonwa pamoja upande mmoja, na zikaachiliwa haraka kwa kidole gumba, picha inatembea vilevile, na safari inaweza kuwa ndefu kadiri ya karatasi alizo nazo mtu. Basi tatizo likawa karatasi. Ile ya dukani hakuiweza. Alikwenda Ngarenaro kwa Jamaldini, mfanyabiashara aliyetokea pwani, akaomba karatasi zilizofungia sukari.

"Karatasi ya sukari ni ya kufungia sukari, bwana," Jamaldini akamwambia. "Mteja akija nimmiminie kiganjani?"

"Nataka zile zilizochanika."

"Unachora nini?"

"Ng'ombe anayekwenda nyumbani."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka Themi mpaka kwetu."

Jamaldini akacheka. "Mwendo mfupi tu huo. Mpige fimbo."

Hata hivyo mkewe, Bi Mwamvua, alianza kumtunzia zile zilizochanika, akizinyoosha chini ya godoro lake. Marehemu alimheshimu mama huyo hadi mwisho.

Karatasi hizo zilikuwa laini mno, zikiachiliwa zinalala. Akazipaka uji wa mahindi, akazikausha chini ya jiwe, zikawa ngumu. Panya wakazila kwa ajili ya uji. Akachanganya uji na maji ya tumbaku, panya wakaziacha. Ili picha zisirukeruke alichoma miiba miwili ya mgunga kwenye ubao, na kila karatasi ikatobolewa matundu mawili ikakaa kwenye miiba hiyo. Ili aone picha ya chini wakati anachora ya juu, alitumia kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjika, akakiegemeza mlangoni jua likipiga kwa nyuma.

Jua hilo ndilo lililokuwa adui yake. Alitoka nyumbani alfajiri kwenda shambani, na akirudi lilibaki kidogo sana juu ya miti. Mafuta ya taa hakuwa nayo ya kuchomea ng'ombe wa karatasi. Jumapili alikuwa na mchana mzima, lakini mzee mmoja wa kanisa alimuuliza kama kuchora ni kazi au si kazi. Eliamini angeweza kusema ni mchezo. Alisema ni kazi, na tangu hapo hakugusa kalamu siku ya Bwana.

Tabea naye alikuwa na maneno yake. "Baba Elinaza, uji huu ni wa mtoto au wa maksai?"

"Wa maksai ni kijiko tu."

"Maksai wako anakula kuliko wa kweli. Wa kweli angetupa samadi, angalau."

Lakini ni yeye aliyezipaka karatasi hizo uji, kila asubuhi, mumewe akiwa shambani.

Mwaka 1913 hali ya Saruni ilizidi kuwa mbaya, na kitabu cha karatasi hizo hakikuwa kimefika hata nusu. Hapo marehemu alifanya jambo ambalo mtu yeyote aliyebanwa na wakati angelifanya. Alikuwa na picha zake za zamani za maksai anayetembea vizuri, akielekea kulia. Alihitaji aelekee kushoto. Badala ya kumchora upya mguu kwa mguu, alizilaza picha hizo kifudifudi juu ya kioo, akafuata mistari kwa nyuma. Kila picha ikatoa nyingine inayotazama upande wa nyumbani. Kazi iliyokuwa imebakiza mwaka mzima ikaisha katika majuma machache, na Eliamini alionekana akitabasamu njiani.

Jumamosi tarehe 27 Septemba 1913, Saruni alilazwa juu ya ngozi kwenye ukuta unaopigwa na jua. Mama Nkasiogi alimwinua kichwa. Eliamini alipiga magoti mbele yake, akaachilia karatasi kwa kidole gumba. Maksai akatoka mtoni, akapanda kilima, akapita migomba, akaingia langoni. Wote waliokuwapo wanasema alitembea vizuri kabisa, na kwamba shingo yake iliteremka kidogo alipopita chini ya mti uliolazwa juu ya lango, kama wafanyavyo ng'ombe wenye pembe ndefu.

"Rudia," Saruni akasema.

Akarudia.

"Rudia polepole." Karatasi zilipofika katikati, mzee akaweka kidole akazizuia. Akaitazama picha hiyo kwa karibu. "Huyu amekatwa sikio la kushoto."

Eliamini akaangalia. Alikuwa amempindua maksai mzima, na pamoja naye akapindua sikio, na baka la begani pia. Hapa kwetu sikio la kushoto si la ukoo wa Saruni. Ni la ukoo wa Simel.

Mzee Simel alikuwa amekaa hapohapo. Akasema, "Ni karatasi tu, Saruni. Mchukue. Mimi sidai."

"Sijawahi kuingiza ng'ombe wa mtu zizini mwangu," Saruni akajibu. "Sitaanza leo." Kisha akamwambia mwanawe, bila hasira, "Umefanya kazi nzuri. Mrudishe huyu kwa mwenyewe. Wangu bado yuko huko."

Akageuza uso ukutani.

Marehemu alijaribu kuyafuta masikio yale kwa kisu, lakini utomvu wa mgomba ulikuwa umepenya hadi upande wa pili, karatasi ikachanika. Kesho yake ilikuwa Jumapili, akakaa. Jumatatu jioni alianza upya, picha ya kwanza, maksai mwenye sikio la kulia, safari hii akimchora kila mguu kwa mkono wake. Saruni alifariki tarehe 4 Novemba 1913. Siku hiyo maksai alikuwa bado ndani ya Mto Themi, maji yakimfika magotini.

Baada ya matanga Tabea alimuuliza, "Sasa unamchorea nani?"

"Yuko njiani," Eliamini akajibu. "Nimwache majini?"

Hatukumsikia akieleza zaidi ya hapo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu siku ile yalipungua.

Vita vilipoanza mwaka 1914, karatasi zilikwisha mjini, kwa sababu sukari yenyewe ilikwisha. Bi Mwamvua alimpelekea za mwisho, akamwambia asimtazamie tena. Marehemu alianza kuchora picha ndogo zaidi, nne katika karatasi moja, akizikata kwa wembe. Machi 1915 alichukuliwa kuwa mpagazi, akabeba mizigo ya vita upande wa Longido kwa miezi minne. Alirudi Julai akiwa na kikohozi na miguu iliyovimba, naye aliitikia salamu zetu kwa kichwa tu.

Alikuta kwamba wakati hayupo, wanajeshi waliopita na kulala bomani walikiona kitabu chake wakatoa karatasi za kufungia tumbaku. Hawakuchukua zote. Walichomoa pale kitabu kilipojifungua chenyewe, katikati. Kwa hiyo maksai alikuwa anatoka mtoni, na mara akawa juu ya kilima bila kupanda. Tabea alilia kwa ajili ya jambo hilo. Marehemu hakulia. Aliuliza tu kama kioo kimepona, akaambiwa kimepona.

Alijaza pengo hilo kwa karatasi alizozipata popote: karatasi za kufungia sabuni, kingo za magazeti ya Kijerumani alizokata kule shambani kwa ruhusa, hata kurasa tupu za mwisho za kitabu chake mwenyewe cha nyimbo. Zilikuwa na unene tofauti, na zikiachiliwa kwa kidole zinakwama. Alijua. Alisema maksai amechoka, ndiyo maana anasimama simama.

Kuanzia Oktoba hakuweza tena kwenda kazini. Sasa alikuwa na mchana mzima wa kuchora, kitu alichokitamani miaka yote, lakini kila picha ilimtaka apumzike. Homa ya mapafu ilimshika mwanzoni mwa Januari mwaka huu. Alitibiwa nyumbani na kwa dawa za misheni. Picha ya mwisho aliichora tarehe 2 Februari 1916, akishikiliwa kiwiko na Tabea. Inaonyesha kichwa cha maksai kikiwa kimepita chini ya mti wa lango, na mwili wote bado uko nje. Alikuwa amekwisha kutoboa matundu ya karatasi zilizobaki. Hizo ni nyeupe. Alifariki Ijumaa, tarehe 11 Februari 1916, saa tisa alasiri, mke wake na mama yake wakiwa kando yake. Hakuzungumza juu ya kitabu. Aliomba maji.

Hakuna kati yetu anayejua kuchora, na hatutakimaliza. Jana, kabla mwili haujavikwa, mama Nkasiogi aliomba aonyeshwe. Tabea aliziachilia karatasi kwa kidole kama alivyomwona mumewe akifanya. Maksai akatoka mtoni, akakwama, akapanda, akakwama, akafika langoni akaingiza kichwa, kisha weupe. Mzee Simel alikitwaa kitabu, akakisogeza karibu na macho, akalitazama sikio. "Si wangu huyu," akasema. "Ni wenu."

Jioni ilipoingia Simel alikwenda kuvuta matawi ya miiba afunge lango, kama ilivyo desturi. Mama Nkasiogi alimzuia.

"Fisi wataingia," Simel akasema.

"Waingie wale nini?" mama akajibu. "Zizi halina kitu. Acha wazi."

Likaachwa wazi. Asubuhi hii tulipotoka na jeneza tulipita papo hapo, na hatukulazimika kusogeza chochote.

Marehemu ameacha mama, Nkasiogi, mjane, Tabea, watoto wawili, Elinaza na Anyesi, mdogo akiwa bado hajaanza kutembea vizuri, na dada yake Namnyaki pamoja na wanawe. Kwa majirani, kwa mzee Simel aliyechimba kaburi, na kwa Bi Mwamvua aliyetembea kwa miguu kutoka Ngarenaro akileta sanda ijapokuwa si desturi ya kanisa letu, familia inashukuru.

Mungu amlaze Eliamini mahali penye amani, na asimwamshe kwa ajili ya kazi iliyobaki.